Ziwa Lililokatwa kwa Cherehani

Jirani yangu hapa Buswelu amekwishaniuliza mara tatu: "Mama, hivi vitu vyako unauza bei gani?" Kila nikimjibu kwamba siuzi, nafanya kwa kujifurahisha tu, ananitazama kwa huruma kama anayeangalia mgonjwa. Simlaumu. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kazi ya ofisini, anayejifungia kibarazani kila Jumamosi na kimashine cha umeme, akikata samaki na ndege na majani kwenye vipande vya mbao, halafu akivigawa bure, lazima ana jambo. Na kweli ninalo. Jambo lenyewe ni harufu. Msumeno wangu ni mwembamba kama uzi wa katani, na ukianza kuwa butu unaacha kukata na kuanza kusugua. Ubao unapata joto, kingo zinageuka rangi ya chai ya rangi, na inatoka harufu tamu iliyochanganyika na uchungu, kama sukari iliyosahaulika motoni. Hapo sipo Buswelu tena. Nipo Mkolani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, nimekaa kwenye kiti na miguu haijafika chini, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba mama yangu amekufa na kwamba hakuna mtu mwenye ujasiri wa kuniambia.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha, mahali ambapo mwanga wa asubuhi uliingia ukipita juu ya mawe makubwa ya mbele ya nyumba, na mimi nililelewa na mlio wake zaidi kuliko nilivyolelewa na nyimbo. Nikiamka nikausikia, nilijua mambo yote yako sawa. Baba alikuwa mchora ramani ofisini, mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyokuwa na wino mwaka mzima. Akirudi kazini alikaa mlangoni na kifremu kidogo cha chuma chenye uzi wa msumeno, akikata vitu vidogo vidogo: jogoo, herufi, funguo za bandia za mimi kuchezea. Alijifunza shuleni, kwa walimu wa ufundi, na hakuacha. Mama alimcheka. Alisema wanaume wengine wanakunywa pombe, wa kwake anakula vumbi.

Asubuhi moja Mama aliondoka. Alivaa gauni pana ambalo sikulizoea, na Baba alimshika mkono wakishuka ngazi zetu mbili, polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyejitwika ndoo iliyojaa. Mama hakuinama kunikumbatia. Alinivuta kichwa akakiegemeza ubavuni mwake, akasema, "Nakwenda kwa bibi yako Sengerema. Msikilize shangazi." Basi. Wakati ule hakukuwa na daraja. Ulikwenda Kigongo ukangoja kivuko. Sikuwa nimewahi kuvuka, kwa hiyo kwangu Sengerema haikuwa wilaya ya jirani. Ilikuwa ng'ambo, neno ambalo kanisani lilitumika kwa mbinguni.

Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutoka Kwimba na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na sheria zake. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye mikono ya joto, lakini mambo ya wakubwa hayakutoka mdomoni kwake mbele ya mtoto hata umpe nini. Siku ya tatu nilimuuliza, "Shangazi, Mama anarudi lini?"

Alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua macho. "Mama yako anapumzika. Mwache apumzike."

Sasa ninyi wa rika langu mtanielewa. Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika jirani yetu mmoja, mwalimu, na mchungaji alisimama kando ya kaburi akasema, "Dada yetu ameacha taabu za dunia, sasa anapumzika." Mimi nilimvuta Mama kanga nikamuuliza, kwa sauti iliyowafanya watu watatu wageuke, "Atamaliza lini kupumzika?" Mama akanibana vidole nikanyamaza. Kwa hiyo nilikuwa najua mawili: maana ya neno lile, na kwamba likishasemwa, mtoto haulizi tena.

Sikuuliza tena. Nilikula michembe yangu, nilikwenda shule, nikarudi. Mambo mengine yote yalithibitisha. Kila Jumapili Baba aliondoka alfajiri akiwa amevaa shati lake jeupe, akarudi jioni amechoka, macho mekundu kwa vumbi la barabarani. "Nilikuwa Sengerema," alisema. Watu huenda makaburini Jumapili. Nikamwomba mara moja anichukue, akajibu, "Pale watoto hawaruhusiwi." Hilo nalo nililielewa kwa jinsi yangu.

Kisha Jumamosi moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta Baba amepiga magoti mbele ya cherehani ya Mama. Alikuwa ameshafungua skrubu zote. Alikinyanyua kichwa cha mashine kwa mikono miwili, kile chuma cheusi chenye maua ya dhahabu, akakizungushia kanga, akakisukuma chini ya kitanda chake. Pale juu ya meza ya cherehani lilibaki tundu tupu.

Sijui kama naweza kueleza nilichokihisi. Mpaka siku hiyo nilikuwa na tumaini kidogo, la kijinga, ambalo sikumwambia mtu. Mtu mzima haharibu cherehani ya mwenye nayo kama anamtegemea kurudi. Nilisimama na ndoo yangu kichwani mpaka maji yakaanza kunimwagikia shingoni.

"Unatengeneza nini?" nikauliza.

"Utaona," alisema Baba. Alikuwa anatabasamu. Ndicho kilichonitisha zaidi.

Kwa siku kadhaa alijenga. Alichonga mikono miwili mirefu ya mbao, mmoja juu ya meza, mmoja chini yake, akaiunganisha kwa nyuma ili ipande na kushuka pamoja. Kwenye ncha za mbele akafunga uzi wa msumeno, mmoja wa zile alizozipata kwa sonara mmoja wa mjini, Mhindi, rafiki yake wa siku nyingi. Masonara hutumia nyuzi hizo kukatia dhahabu na fedha. Kwa nyuma akakaza utepe wa mpira wa baiskeli. Akachukua fimbo ya chuma akaunganisha na gurudumu la cherehani, na alipokanyaga pale Mama alipokuwa akikanyaga, msumeno ukaanza kwenda juu na chini, juu na chini. Mlio ulikuwa uleule. Ule mlio wa asubuhi zangu zote, lakini Mama hayupo, na badala ya kitambaa linatoka vumbi.

Najua leo kwamba ilikuwa kazi ya ajabu, na nikiwa kwenye mashine yangu nafanya yote aliyoyafanya yeye. Meno ya msumeno lazima yatazame chini, la sivyo ubao unarukaruka na kukupiga vidole. Uzi unakazwa mpaka ukiugusa kwa kucha uimbe. Baba aliugusa na kuinamisha sikio kama mpiga zeze. Ubao hausukumwi. "Uache ule wenyewe," alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyemuuliza. Na kwenye kona huuzungushi msumeno, unauzungusha ubao, polepole, huku mguu haukomi. Mchoro aliubandika juu ya ubao kwa uji wa muhogo, akapaka nta ya mshumaa kwenye uzi usipate moto. Pamoja na nta hiyo, bado ubao wake wa kwanza, wa mkangazi, uliungua kingo, na nyumba nzima ikajaa ile harufu.

Mchoro wenyewe sikuutambua. Ulikuwa mstari mmoja unaopinda na kupindapinda, wenye ghuba na ncha na vidolevidole, kama mwandiko wa mtu mwenye homa. Siku ya pili kipande kimoja chembamba kilikatika kikaanguka sakafuni. Baba akakiokota. "Ukerewe imevunjika," alisema peke yake, akacheka, akautupa ubao wote kando na kuanza upya kwenye plaiwudi, ambayo haivunjiki kirahisi. Kwangu mimi Ukerewe ilikuwa mahali wanapotoka machungwa. Niliona baba yangu anaanza kuchanganyikiwa.

Nilifikiri kwa siku mbili, nikapata la kufanya. Msumeno usipokuwepo, mashine ile haina kazi. Isipokuwa na kazi, Baba atakirudisha kichwa cha cherehani mahali pake. Na kikisharudi mahali pake, mambo yatakuwa kama yalivyokuwa. Sikusema hata moyoni "Mama atafufuka." Nilikatisha mawazo hapo kabla hayajafika huko. Nyuzi zote alizihifadhi kwenye kichupa cha kioo kilichowahi kuwa cha dawa. Shangazi alipotoka kuanika mihogo, nilikichukua, nikakimbia nacho chooni, nikakidondosha shimoni. Hakikutoa hata mlio.

Jioni Baba alipoirudia kazi yake, uzi uliokuwa kwenye mashine ulikatika baada ya dakika chache. Akanyoosha mkono kwenye rafu. Akatafuta chini ya meza, akatafuta kwenye mifuko ya koti. Alinitazama mara moja, mimi nikatazama kitabu changu cha hesabu. Asubuhi yake, siku ambayo hakukuwa na shule, alisema, "Vaa viatu. Twende wote kwa sonara."

Duka la sonara lilikuwa dogo na lenye giza kidogo, na yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kioo amevaa kijicho cha kukuzia kwenye jicho moja. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, binti. Umekua!" Kulikuwa na mama mmoja amekaa kwenye benchi akingoja hereni zake. Baba akaeleza kwamba nyuzi zimepotea. Sonara akaanza kufungua droo, na huku akifungua akauliza, kwa ile sauti ya chini ya watu wazima, "Na mama watoto, vipi?"

"Amelala tu," Baba akajibu. "Daktari amesema asinyanyuke kabisa."

Amelala. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye misalaba.

"Mama amekufa," nikasema.

Sikupanga kusema. Lilitoka lenyewe, kubwa, dukani mwa watu. Yule mama wa benchi akashika kifua. Baba akageuka, na sijawahi kuuona tena uso wake vile, kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoijua.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi. Alisema anapumzika." Nikaanza kulia. "Na wewe umevunja cherehani yake. Na nyuzi nimezitupa mimi. Nimezitupa chooni."

Baba alikaa chini. Si kwenye benchi. Alikaa sakafuni, mtu mzima mwenye suruali yake ya ofisini, akanivuta magotini kwake. Sonara alikivua kile kijicho, akakiweka mezani, akatoka nyuma ya kioo akaenda kufunga mlango wa duka.

"Nisikilize," Baba alisema. "Mama yako yuko hai. Nilikuwa naye Jumapili. Alikula ugali na sato, akauliza kama unachana nywele."

"Kwa nini amelala?"

Alimtazama sonara, kisha yule mama wa benchi, kama anayeomba ruhusa. Mambo haya hayakuwa ya kumwambia mtoto, wala si dukani. "Ana mtoto tumboni," akasema. "Mtoto anataka kutoka kabla ya wakati wake. Mama akisimama, anaweza kutoka. Kwa hiyo yuko hospitali kule Sengerema, amelala, mchana na usiku, mpaka miezi itimie. Anatazama dari tu. Muuguzi ameniambia analia. Ndiyo maana namkatia ramani ya ziwa, vipande vya kupangapanga, apate kitu cha kushika mikononi. Kwa kile kifremu changu ningemaliza mtoto ameshaanza shule. Nilihitaji mguu uendeshe msumeno, mikono yote miwili ishike ubao."

"Mwambie vizuri," alisema yule mama, naye analia. "Mtoto akiachwa bila habari anajitungia zake."

Sonara alinipa bahasha ndogo ya karatasi yenye nyuzi, akanikabidhi mimi, si Baba. "Hizi ni dazeni mbili," alisema. "Hizi usitupe, binti. Mama anasubiri ziwa."

Jumapili ya wiki iliyofuata tulivuka. Niliona maji yakitanuka kati yetu na Kigongo, nikaona mawe ya upande wa pili yanafanana kabisa na ya kwetu, na watu wa ng'ambo wanauza ndizi na dagaa kama watu wengine. Hospitali, Baba alizungumza na muuguzi kwa muda mrefu mlangoni. Mwisho muuguzi akanitazama, akasema, "Robo saa. Na usimpandie kitandani."

Kitanda cha Mama kilikuwa kimeinuliwa upande wa miguu kwa matofali, hivyo kichwa chake kilikuwa chini na tumbo limesimama kama kilima. Alikuwa amepungua uso. Aliponiona alinyoosha mkono tu, maana ndicho alichoruhusiwa, na mimi nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikaunusa. Ulinuka sabuni ya hospitali. Chini ya sabuni ulikuwa wa kwake.

Baba alimwekea ubavuni kisanduku bapa, akakifungua. Ndani mlikuwa na ziwa letu katika vipande arobaini na kitu, kila kisiwa kipande chake, kila ghuba inaingia kwenye ufuko wake bila nafasi hata ya karatasi kupita. Alikuwa amevisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama kokwa la zambarau. Mama alikipapasa kimoja kwa kidole gumba. Akajaribu kukiunganisha na kingine, kikakataa, akakigeuza, kikaingia. Akakitafuta cha tatu. Niliona uso wake unabadilika jinsi chumba kinavyobadilika pazia likivutwa.

"Umekata na nini hivi?" aliuliza. "Hiki si kile kifremu chako."

Baba alikohoa. "Na cherehani yako."

Mama aliacha kupanga.

"Kichwa chake?"

"Kiko salama. Nimekifunga na kanga."

"Kanga ipi?"

"Ile ya njano."

"Ile mpya!" Mama akaanza kucheka, kicheko kinachozuiwa kisitingishe tumbo, machozi yakimtoka pembeni na kuingia masikioni kwa sababu ya namna alivyolala. Muuguzi alikuja mbio kuona kuna nini, akakuta wote watatu tunajizuia.

Tukatulia. Mama akaendelea kupanga visiwa. Halafu, bila kunitazama, akasema, "Mwanangu, nilikuficha. Niliogopa kukwambia halafu asikae. Baada yako walikuwepo wawili kabla ya huyu. Hawakukaa."

Nilifikiri juu ya hilo. Nilikuwa na swali moja tu, ambalo mtoto yeyote angekuwa nalo.

"Walikuwa wanaitwaje?"

Baba akaingilia, kwa upole: "Hapana, wale hawakufika wakati wa kupewa..."

"Milembe," alisema Mama.

Alikuwa ameshika kipande mkononi na hakukiweka chini. "Wa kwanza Milembe. Wa pili Lubango."

Nilimwangalia Baba. Alikuwa amesimama akiwa ameshika chuma cha kitanda, na midomo yake iliyarudia majina yale bila sauti.

"Hukuwahi kuniambia," alisema baadaye.

"Hukuwahi kuniuliza."

Mdogo wangu alizaliwa miezi miwili baadaye, asubuhi ya mvua kubwa, mdogo kuliko inavyotakiwa lakini si mdogo wa kutisha, na kwa ajili ya ile mvua akaitwa Mabula. Mama alimfunga kifuani ngozi kwa ngozi wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kuvuka naye. Walipofika Mkolani, Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wa juu kwenye mawe wakatoka. Baba hakutoka nje kuwapokea. Alikuwa ndani, juu ya stuli, anapigilia misumari.

Ukutani, mkabala na mlango, kulikuwa na majina manne yaliyokatwa kwenye mbao, kila moja herufi zake zimeshikana kama watu walioshikana mikono. Langu lilikuwa juu. Chini yake Milembe, chini yake Lubango, na chini kabisa Mabula, ambalo lilikuwa bado halijapigwa msasa. Mama alisimama na mtoto mgongoni akayasoma. Alimgusa Baba begani akapita kwenda jikoni.

Watu walikuja kumwona mtoto, kama inavyokuwa, na wengi waliona ukuta wakanyamaza kwa heshima. Isipokuwa mama mmoja mzee wa kanisani, mzungumzaji, ambaye alihesabu kwa kidole kisha akauliza mbele ya watu wote, "Mbona majina manne na watoto ninaona wawili?"

Shangazi akakunja uso. Mama alikuwa ananyonyesha. Mimi nilidhani tutabadilisha mazungumzo, lakini Baba, yule mtu wa maneno machache, akainuka kitini, akaenda mpaka ukutani, akaweka mkono chini ya jina moja.

"Huyu ni Milembe," alisema. Akausogeza mkono. "Na huyu ni Lubango, mdogo wake."

Yule bibi aliyatazama majina yale kwa muda. Kisha akajifunga vizuri kanga yake kiunoni, akainamisha kichwa kidogo kuelekea ukutani, akasema, "Nashukuru kuwafahamu."